Kadi Yenye Rimoti

Ndani ya kabati la vyombo nyumbani kwangu mtaa wa Bondeni, Nakuru, nyuma ya sahani za wageni, kuna rimoti ndogo nyeusi ambayo televisheni yetu haiitambui. Mke wangu ameitupa mara mbili, nami nimeiokota mara mbili. Ni rimoti ya kompyuta. Niliipata mwaka 2008 pamoja na kadi ambayo sikupaswa kuinunua. Majirani wengi wanajua sehemu nzuri ya habari hii na hunisifu kwa sehemu hiyo. Ile nyingine, iliyotangulia, wanaijua wachache, na sioni sababu ya kuendelea kuificha.

Kabla ya kustaafu nilifanya kazi Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Niliingia na cheti changu cha sekondari, nikatoka na masikio mabovu na mkono mzuri wa kuandika tarakimu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwenye visima na mabomba, kusoma geji na kuandika. Kila zamu ilikuwa na kitabu chake, kikubwa, chenye jalada gumu. Na kulikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyeibandika ukutani lakini kila mtu aliijua: aliyekosea huandika kosa lake mwenyewe, kwa mkono wake, kabla zamu haijaisha. Msimamizi hakuandikii, wala mwenzako hakuandikii. Umeacha valvu wazi, unaandika "nimeacha valvu wazi," unatia sahihi, unaenda nyumbani. Kesho watakucheka. Kesho kutwa watakuwa wamesahau.

Mara moja sikuandika. Valvu ya kumwagia maji sikuifunga sawasawa, pampu ikafa katika zamu iliyofuata, na mwenzangu aliyenipokea ndiye aliyeulizwa. Nilikuwa nimesimama palepale alipoulizwa. Nilitazama viatu vyangu. Wakamhamishia stoo, akahesabu misumari na glavu hadi mwisho wa kazi yake, mtu aliyeweza kusikia bomba likiumwa kabla geji haijasema. Hakuwahi kuniuliza neno. Nilistaafu nikiwa na jambo hilo tumboni.

Kitinda mimba wetu ni msichana. Mwaka 2007 alikuwa chuoni Njoro akisomea mambo ya kompyuta, na likizo moja alikuja nyumbani na mashine aliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwa vipande vya mashine tatu zilizokufa. Aliiweka kwenye meza ya sebuleni, akaiwasha, akaanza kucheza mchezo wa rali. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba sikuuza ng'ombe ili mtu akae akikimbiza magari ya uongo.

Akaniambia, "Baba, kaa hapa kidogo kabla hujanifukuza."

Nikakaa. Gari lilikuwa linapita kwenye barabara ya vumbi, mawe yakiruka pembeni, na kwenye kona alikuwa analitupa ubavu kwanza, kisha analivuta lirudi. Nilipokuwa kijana tulikuwa tunakimbia hadi barabarani kutazama magari ya rali yakipita bondeni kuelekea Elementaita, tukirudi nyumbani weupe kwa vumbi mpaka mama zetu hawatutambui. Nikaona ni vumbi lilelile. Nikamwomba nijaribu. Nilitumbukia mtaroni kabla ya kona ya kwanza, na mke wangu, aliyekuwa jikoni, akacheka hadi akaja kushika mlango.

"Sasa huyo ndiye alikuwa anasoma geji za serikali!"

Tangu siku hiyo sikusema tena habari za magari ya uongo. Binti yangu alinieleza kwamba wanafunzi wenzake, wote wavulana, walikuwa wameacha kushindana naye kwa sababu wamechoka kushindwa. Alisema hivyo bila kujigamba. Kujigamba nilifanya mimi, kwa kinyozi, kanisani, na kwa mama anayeuza mboga kwenye kona yetu, ambaye mpaka leo anaamini binti yangu ni dereva.

Mwaka 2008 ulianza vibaya, kwa machafuko ya baada ya uchaguzi, na kila mtu wa Nakuru anajua ulivyoanza. Sitayarudia hayo. Nitasema tu kwamba chuo kilichelewa kufunguliwa, na maduka mengi mjini yalikuwa bado yanajikusanya. Sasa, mwanafunzi wa masomo yale hamalizi bila mafunzo ya kazini, ambayo wenyewe huyaita atachmenti. Lazima upate mahali pa kukupokea, wakuandikie, wakusainie. Binti yangu alizunguka mji mzima. Wenye ofisi walimwambia arudi mwaka ujao. Kurudi mwaka ujao kulikuwa ni kumaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Aliyemsikiliza alikuwa mwenye duka la kompyuta karibu na soko, Kalasinga mmoja, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Nakuru, kama baba yake, mtu mwenye kilemba cha bluu na maneno mengi. Alimwambia hivi: maonyesho ya kilimo yanakuja, yeye amekodi kibanda, na anataka mashine moja ya kuvuta watu. Mashine icheze mchezo wa rali, siku tatu, asubuhi mpaka jioni, kila mtu aendeshe. Mashine ya binti yangu ilikuwa karibu tayari. Ilikosa kadi ya picha tu, ile sahani ya vyuma inayochomekwa ndani na kuchora kila kitu kinachoonekana kwenye skrini.

"Ikidumu siku tatu," akamwambia, "Jumatatu unaanza kazi kwangu. Ikizima mbele ya wateja wangu, sisi sote wawili tutajificha nyuma ya banda ya kuku."

Binti yangu alinieleza haya akiwa amesimama, hawezi kukaa. Nikamwambia kadi nitanunua mimi. Nilikuwa na akiba yangu ndogo ya kustaafu, na tena nilitaka. Nilitaka siku moja iwe kwamba baba yake alishika upande mmoja wa jambo lile.

Alichukua karatasi akanichorea masanduku mawili. Dukani kulikuwa na kadi mbili za bei karibu sawa. Ya kwanza ilikuwa na kazi moja tu, kukimbiza mchezo. Ya pili ilikuwa na mengi: ilishika matangazo ya televisheni, ilirekodi, iliweza kulisha skrini mbili, na ilikuja na rimoti.

"Ya pili inaonekana ni bora zaidi," nikasema.

"Ni bora kwa mtu anayetaka kuona taarifa ya habari, Baba. Hayo yote yamelipiwa kwa kupunguza mbio. Kwenye mchezo wa rali itakwama. Mimi nataka hii ya kwanza." Akaizungushia duara mara mbili. "Hii. Usinichagulie."

Yeye alikuwa anarudi Njoro kufanya mtihani, kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Mwenye duka aliweka masanduku yote mawili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa jembamba, na nyuma lilikuwa na mistari michache. La pili lilijaa picha: televisheni, kamera, familia ya watu weupe imekaa kwenye kochi inacheka. Orodha ya mambo ambayo kadi inayaweza ilishuka upande mzima. Lilikuwa zito. Nikawa nalipima mkononi.

Hapa nina haja ya kueleza jambo la Olkaria, ili msomaji aone ukubwa wa ujinga wangu. Kisima kipya cha mvuke kikifunguliwa hunguruma kiasi kwamba wageni hushika masikio na kusema, hiki ndicho. Sisi tulikuwa tukiwacheka. Kisima hakipimwi kwa mngurumo wa siku ya kwanza. Unakiacha wazi kipumue, siku baada ya siku, unasoma geji kwa saa zilezile, unaandika. Vingi vinavyonguruma hunywea. Nilifanya kazi hiyo miaka yote ile, na siku ile nilisimama mbele ya kaunta nikachagua kwa mngurumo wa sanduku.

Lakini hata hilo ni kujitetea. Ukweli ni kwamba nilitaka rimoti. Televisheni yetu ilikuwa imeanza kuonyesha watu wakiwa na vichwa viwili, na nikawaza kwamba maonyesho yakiisha mashine itarudi nyumbani, nami nitakaa nione mpira na kuurekodi, na majirani watakuja. Nilijiambia atakayeendesha pale kwenye maonyesho ni mkulima tu, hatajua tofauti.

Mwenye duka akaniuliza, "Binti alisema ipi, mzee?"

"Aliniachia nichague," nikasema.

Alinitazama. "Huyu msichana? Alikuachia?"

"Mimi ni baba yake."

"Sawa. Mimi ni muuzaji." Akafunga mzigo.

Binti yangu aliporudi Ijumaa alilifungua sanduku, akalitazama, na uso wake haukubadilika. Huo ni uso wa mama yake. Akauliza kwa upole, "Ile nyingine haikuwepo?"

Angekasirika ningejua la kusema. Upole ule ulinifungulia mlango, nami nikapita.

"Ilikuwa imeisha," nikasema.

"Basi si kosa lako, Baba. Asante kwa kujaribu."

Akaichomeka. Gari lilitoka mbio, likafika kwenye vumbi, likaanza kukwama. Lilikuwa hapa, kisha ghafla lilikuwa pale, kama mtu anayetembea huku mwingine anawasha na kuzima taa. Kwenye kona ukigeuza usukani, gari lilifikiria kwanza. Binti yangu alikuwa na programu ndogo iliyoonyesha kwenye pembe ya skrini picha ngapi zinachorwa kila sekunde. Jicho halitulii zikiwa chini ya thelathini, alisema, na yeye alitaka sitini. Tulikuwa na kumi na tisa.

Jumamosi yote alihangaika nayo. Alipunguza vumbi. Akaondoa miti. Akaondoa vivuli, mpaka gari likawa linakimbia juu ya kitu kinachofanana na ugali. Tulifika ishirini na nne. Nilikuwa nikimletea chai na kurudi kukaa, na kila nilipokaa alinishukuru. Mke wangu, ambaye hakujua lolote, alisema, "Mwache baba yako apumzike, amekutembelea maduka yote ya mjini." Sijawahi kunywa chai chungu kama ile, na ilikuwa na sukari.

Jumapili baada ya ibada akasema, "Kesho asubuhi nitapita dukani nimuulize kama anaweza kuagiza nyingine kutoka Nairobi. Bado kuna siku kumi."

Kesho asubuhi angeingia dukani aione ile kadi imekaa kwenye rafu. Na mwenye duka, mtu wa maneno mengi, angemwambia, "Lakini baba yako alisema umemwachia." Nikawa naona yote. Nikawa naona pia njia ya kutokea: ningeweza kwenda mapema, nimwombe mwenye duka aifiche. Wazo hilo lilinijia likiwa limekamilika, na miguu na viatu. Ndipo nikamkumbuka mwenzangu wa stoo, alivyokuwa akisimama kwenye kidirisha chake akitoa glavu, akikuuliza saizi yako, hata kama anaijua.

Jumatatu niliamka kabla yao. Nilichukua daftari jipya la jalada gumu nililokuwa nimelinunua kwa mambo ya kanisa, nikachora mistari kama ya kitabu cha zamu, na chini ya tarehe nikaandika: *Kadi iliyotakiwa ilikuwepo dukani. Nilinunua nyingine kwa sababu niliitamani mimi. Nilimwambia mwenye duka kwamba binti aliniachia nichague. Si kweli. Nilimwambia binti kwamba kadi imeisha. Si kweli.* Nikatia sahihi yangu yote, ile ya benki. Alipokuja kunywa chai nikamsukumia.

Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa akasoma tena. Mke wangu alikuwa anakaanga mayai, akageuka akaliona daftari.

"Ni nini hiyo?"

"Ni ripoti," binti yangu akasema.

Nilihesabu mabaka kwenye kitambaa cha meza. Halafu akaomba kalamu. Nilidhani anataka kuandika neno kali, na nilikuwa tayari, lakini akaandika pembeni ya sahihi yangu: *Kipimo: 19.* Akasema, "Baba, ripoti yako haina kipimo. Kosa bila kipimo ni hadithi." Kisha akaiweka kalamu chini. "Na usinifanyie hivyo tena. Kadi ni kadi. Lakini mimi nilikushukuru siku mbili."

"Sitafanya tena," nikasema. "Vaa viatu, twende dukani."

Mke wangu alibaki na mwiko mkononi. Aliyoniambia jioni yake yalikuwa ya haki yote, na hayahusu mtu mwingine.

Mwenye duka alituona tukiingia na lile sanduku, akaanza kutikisa kilemba tukiwa bado mlangoni. "Hapana, hapana, mzee. Kitu ikifunguliwa hairudi. Ni sheria ya babu yangu."

"Sikuja kurudisha," nikasema. "Nimekuja kukwambia nilikudanganya. Huyu hakuniachia nichague. Alizungushia duara mara mbili."

Akamgeukia binti yangu. "Mimi nilijua! Wewe huwezi kuacha mtu achague hata chapati." Kisha akanigeukia, na akawa hana utani. "Wengi wanakuja hapa kusema mimi ndiye niliwadanganya. Wewe ni wa kwanza kuja kinyume."

Ndipo nilipomwomba jambo moja. Nilimwambia tuziweke kadi zote mbili kwenye kazi, hapo juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, na tuziache zikimbie kama zitakavyokimbia kwenye maonyesho, na mimi nitakaa kwenye stuli na daftari nisome kila robo saa. Ile ya mbio ikidumu, atuazime kwa ajili ya maonyesho, na ikivutia wateja, tusahau bei yake. Isipodumu, nitainunua nayo, nibaki na zote mbili kama ada ya ujinga wangu.

"Siku nzima?" akauliza. "Nani anapima kitu siku nzima?"

"Olkaria tulikuwa tunapima majuma."

Alicheka, akaita watu wa duka jirani waje waone mzee wa mvuke. Lakini alikubali, na sidhani ni kwa sababu yangu. Ni kwa sababu ile mashine ikikimbia kwenye kaunta yake, watu wangesimama mlangoni.

Kadi yangu ilikimbia kwanza. Kumi na tisa, kumi na tisa, ishirini, kumi na tisa. Nitaisemea haki yake: haikuchoka. Ilikuwa kama punda mzuri. Saa nne na nusu binti yangu akaitoa akaweka ile nyingine, na vumbi likarudi, miti ikarudi na vivuli vyake, na gari likakata kona kama kisu kwenye papai. Sitini na mbili. Watu mlangoni wakapiga kelele. Binti yangu akanitazama, naye hakuwa anajivuna, alikuwa anangoja nione. Nikaona. Nikaandika.

Sitini na mbili. Sitini na moja. Sitini na mbili. Sitini. Kisha, kabla sijaandika mara ya sita, skrini ikawa nyeusi na mashine yote ikazima puu.

"Kisima kimekauka, mzee!" mwenye duka akapaaza sauti akipiga makofi.

Binti yangu alikuwa amegeuka rangi. Angekwenda kwenye maonyesho vile, ingezima mbele ya watu saa tano asubuhi ya siku ya kwanza. Mimi niliinuka nikaweka kiganja nyuma ya mashine, pale penye kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Ningepika yai juu yake. Kadi yenyewe ilikuwa na joto la kawaida.

"Usiilaumu kadi," nikamwambia. "Unamlisha farasi kwa kipimo cha punda. Kadi inaomba umeme, na hiki kisanduku hakina."

Alipiga magoti akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kisanduku, midomo ikihesabu. Kisha akajipiga paji la uso. "Nilikitoa kwenye mashine ya ofisi ya zamani. Sikukipigia hesabu. Nilipigia hesabu kadi tu." Akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Daftari."

Akaandika mwenyewe, mstari chini ya wangu: *Kisanduku cha umeme ni kidogo kwa mzigo. Sikupiga hesabu.* Akatia sahihi yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu chai ya asubuhi, alicheka. "Sasa tuko sawa, Baba."

Hatukuwa sawa. Lake lilikuwa kosa la mkono na langu la moyo. Lakini niliipokea zawadi ile.

Mwenye duka alikuwa na mashine kubwa ya zamani nyuma ya pazia, na kisanduku chake kilikuwa kizito kama tofali. Binti yangu akakifunga. Tukawasha saa saba, na nilikaa kwenye stuli ile hadi mwenye duka alipoanza kushusha milango ya chuma. Sitini na mbili, mstari baada ya mstari, ukurasa mzima, mpaka tarakimu zenyewe zilichosha macho. Kwangu hakuna maandishi mazuri kuliko hayo. Kipimo kisichobadilika ndicho wimbo wa mtu wa mitambo.

Kwenye maonyesho, kibanda chetu kilikuwa kati ya wauza dawa za ng'ombe na watu wa matrekta. Siku ya kwanza vijana ndio waliojaa. Siku ya pili wakaja wazee wao kuona vijana wamepotelea wapi. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Molo, kofia ya sufu kichwani, aliyeweka kikapu chake kati ya miguu, akashika usukani wa plastiki wa mchezo, na hakukanyaga breki hata mara moja.

"Mathe, kona! Kata kona!" watu wakapiga kelele.

"Wacha nikate kwanza mti!"

Akakata mti, akakata ua, akafika mwisho wa barabara bila mlango mmoja wa gari, akainuka akifuta jasho. "Hii gari ni nzuri," akasema. "Inavumilia." Kisha akamuuliza mwenye duka ni nani aliyeitengeneza mashine ile, na Kalasinga wangu akamnyooshea kidole binti yangu, aliyekuwa amesimama pembeni na daftari, akisoma kila robo saa.

"Huyu. Jumatatu anaanza kazi kwangu."

Hakusema "ikidumu." Ilikuwa bado siku ya pili. Binti yangu akalisikia neno hilo, akainamisha kichwa akaandika kipimo.

Yule mama akanigeukia, kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo nikitabasamu kama mwehu. "Na wewe mzee, ni baba yake? Ndiye wewe ulimnunulia?"

Kulikuwa na watu kama thelathini. "Ni binti yangu," nikasema, na nikasema kwa nguvu, maana masikio yangu ni mabovu na sijui tena kupima sauti. "Mimi nilimnunulia kadi isiyofaa nikamdanganya. Hii aliichagua yeye."

Wakacheka wote, wakidhani ni utani wa wazee. Binti yangu hakucheka. Alinitazama juu ya daftari, akanipa alama ndogo ya kichwa, kama msimamizi anavyompa mtu aliyemaliza zamu bila tatizo.

Mashine ilidumu siku zote tatu bila kuzima. Kadi ya rimoti nilibaki nayo, kama ilivyo haki, na niliiona mipira kadhaa kupitia kwayo kabla haijafa. Kwa mwenzangu wa stoo nilichelewa. Mwaka huohuo nilipopata ujasiri wa kwenda kwake Gilgil na karatasi niliyoiandika kama ile niliyomwandikia binti yangu, nilikuta amezikwa miezi mingi nyuma. Niliisoma kwa mjane wake. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa maziwa, hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Hilo nalibeba, na ni haki nilibebe.

Lakini nina jambo hili pia. Katika juma la pili la mafunzo yake, mwenye duka alinipigia simu akiwa na haraka, nikadhani kuna balaa.

"Mzee," akasema, "binti yako ameharibu diski ya mteja."

Nikauliza, "Umejuaje?"

"Nimejuaje? Nimekuja asubuhi nimepata daftari wazi juu ya kaunta. Ameandika yote, saa, kipimo, jina lake chini. Mteja mwenyewe hata hajui bado." Haraka ikamwisha. "Nimeambia wote hapa, kuanzia leo ndiyo tutafanya hivyo. Na mimi pia. Sasa niambie, mzee, ile mistari mlikuwa mnachora namna gani?"

Nilimwambia asubiri. Nilikwenda kutafuta rula, nikipiga mluzi kwa furaha hata mke wangu akauliza kama nimepewa kazi tena.